Anwani ya bakteria: shajara ya safari kutoka mlango wa mto hadi kilindini

Jumatatu. Mlango wa mto. Kina mita 5, chumvi gramu 11 kwa kila kilo ya maji, joto nyuzi 29.

Katika shajara hii sitaandika latitudo wala longitudo, na bandari tuliyong'oa nanga sitaitaja. Nitaandika kina, chumvi, joto na oksijeni, maana hizo ndizo anwani za hao tunaowafuata. Bakteria wa baharini hana habari na mipaka ya nchi. Chumvi ikipanda, joto likizidi nyuzi mbili, oksijeni ikikata, yeye yule yule anageuka kiumbe kingine kwa majirani zake. Watu huniuliza kila mara kama bakteria fulani ni mwema au mbaya. Nami huwauliza kwanza: yuko wapi?

Meli ya utafiti haiwezi kuingia mtoni, kwa hiyo asubuhi tulishuka kwenye boti ya mpira pamoja na vifaa, tukapanda na maji yaliyokuwa yakijaa. Ninaowafuata zaidi ni jamaa wa Vibrio. Ni vijiti vilivyopinda kidogo, wenye mkia wa kuogelea, na wanapatikana tangu maji ya mtoni yenye chumvi kidogo hadi sakafu ya bahari. Jamaa hawa wana kila tabia: wapo waleta maradhi, wapo wawasha taa, wapo wanaosafisha mizoga ya bahari. Mtu akitaka kujua mahali kunavyomfanya kiumbe awe alivyo, hatapata ukoo mzuri kuliko huu.

Tulivuta wavu wa planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, kwa dakika chache, tukarudi melini na chupa iliyojaa kopepodi, wale jamaa wa kamba wasiofika hata milimita mbili. Serahangi wetu, mzee aliyeanza ubaharia akiwa kijana, aliomba kutazama. Nilimwekea jike mwenye vifuko viwili vya mayai, nikapaka rangi inayong'aa kwenye bakteria peke yao. Nukta za kijani zilikuwa zimejibana kinywani, kwenye maungio ya miguu, na kwa wingi zaidi juu ya vifuko vya mayai.

"Sasa mwanangu, huyu ndiye mwenye kipindupindu?"

"Hapana, mzee. Kabebeshwa tu. Na hata hao aliowabeba sijui bado kama ni wenyewe."

Jibu hilo linahitaji maelezo. Kiumbe aletaye kipindupindu, Vibrio cholerae, makazi yake ya asili ni hapa, kwenye maji ya chumvi kidogo, juu ya gamba la wadudu wa maji. Gamba hilo limeundwa kwa kaitini, na kaitini ndiyo riziki yake. Kopepodi mmoja anaweza kubeba maelfu. Wengi wao hawana sumu kabisa. Jeni za sumu ya kipindupindu huletwa na virusi anayeishi ndani ya bakteria, jambo lililothibitishwa mwaka 1996. Kwa maneno mengine, bakteria huyu anayemaliza watu utumboni, mtoni ni mla magamba.

Mtafiti Rita Colwell wa Marekani ndiye aliyeshikilia kwa miaka mingi kwamba kipindupindu kina makao yake majini hata pasipo mgonjwa. Na kama kweli bakteria wamepanda juu ya kopepodi, basi si lazima uchuje bakteria, chuja kopepodi. Yeye na wenzake walilipima jambo hilo katika vijiji vya Bangladesh: akina mama walichuja maji ya kunywa kwa kitambaa kikuukuu cha sari kilichokunjwa mara kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kimepungua karibu nusu. Kitambaa hakina uwezo wa kuzuia bakteria mmoja mmoja. Kilizuia nyumba zao.

Jumanne. Mikokoni, maji yamekupwa. Oksijeni ndani ya tope: hakuna.

Leo hatukuhitaji kina, tulitembea, au tuseme tulizama hadi magotini. Nilichomeka bomba la plastiki angavu kwenye tope, nikaziba juu, nikalichomoa taratibu. Kwa nje yote yalionekana tope moja. Ndani ya bomba mambo yalikuwa wazi: juu utando wa kahawia usiofika unene wa ukucha, chini yake kijivu, halafu weusi mtupu hadi mwisho. Na harufu ya yai viza.

Utando ule wa juu ndio pekee wenye oksijeni. Bakteria walio pale huimaliza kabla haijashuka zaidi ya milimita chache. Walio chini yao wamejifunza kupumua kitu kingine, salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo tele. Wakishaitumia hutoa hidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo harufu, na hiyo salfaidi ikikutana na chuma iliyomo kwenye tope huleta weusi. Watu wengi hudhani tope jeusi la mikoko ni ishara ya uchafu. Ni ishara kwamba kazi inafanyika. Majani yanayoanguka huozea pale polepole sana, na kwa sababu hiyo kaboni nyingi hubaki ardhini badala ya kurudi hewani.

Wenzangu walitumia muda mrefu kukagua majani yaliyolala majini, wakitafuta nyuzi nyeupe. Sababu yao ni nzuri. Katika mikoko ya Guadeloupe, kwenye visiwa vya Karibi, zilipatikana nyuzi nyeupe zimeshika majani yaliyooza, na mtafiti aliyeziokota alidhani ni aina ya kuvu. Mwaka 2022 ikatangazwa kuwa kila uzi ni seli moja ya bakteria. Aliitwa Thiomargarita magnifica. Kwa kawaida hufikia sentimita moja hivi, na mrefu kabisa aliyepimwa alifika mbili. Bakteria unayeweza kumshika kwa kibano, bila hadubini! Anaishi kwa kuunguza salfaidi ile ile ya tope, na anapenda kukaa mpakani, mahali salfaidi kutoka chini inapokutana na oksijeni kutoka juu.

Sisi hatukuokota hata mmoja. Majani yote tuliyoyakagua yalikuwa na utando wa kawaida tu.

Jumatano. Nyasi za bahari. Kina mita 2, chumvi 35, joto 28.

Siku hii ningetaka kila mtu angekuwa nami.

Uwanda wa nyasi za bahari ukiutazama kutoka juu ni shamba la kijani linaloyumba. Swali ambalo halimjii mtu haraka ni hili: mizizi ile imo ndani ya tope lenye salfaidi, na salfaidi ni sumu kwa mizizi. Nyasi zinaishije?

Nilichimba kwa mkono, sentimita kumi hivi chini ya mizizi, nikakuta chaza mweupe, mviringo, mdogo kuliko kiganja. Ni wa jamii ya Lucinidae. Nilimfungua pale pale kwenye sinia. Chaza wa kawaida matamvua yake ni membamba, ya kupitisha maji na kuchuja chakula. Ya huyu yalikuwa manene, yamejaa sehemu kubwa ya gamba, ya rangi ya krimu. Nilikata kipande kidogo sana, nikakiweka kwenye kioo na tone la maji ya bahari, nikabonyeza. Chini ya hadubini seli zilipasuka, na kilichomwagika kilikuwa bakteria juu ya bakteria, wamebeba chembe za salfa zinazometameta. Krimu ile ni rangi ya salfa.

Chaza huchimba njia ndogo ndogo kwenye tope, akavuta salfaidi kutoka chini na oksijeni kutoka juu, akawafikishia wapangaji wake. Nao huiunguza salfaidi, na kwa nguvu wanayopata hutengeneza chakula kutokana na kaboni dioksaidi, bila mwanga wowote. Sehemu ya chakula hicho humlisha chaza. Nyasi zinafaidika kwa sababu sumu inaondolewa miguuni pao, na zenyewe hurudisha oksijeni kupitia mizizi. Uhusiano huu wa watatu ulielezwa kwa majaribio mwaka 2012, na tangu hapo mimi huona ni kosa kupanda nyasi za bahari mahali zilipokufa bila kuuliza kama chaza wapo.

Inafaa kusema kwamba tusingejua kutafuta bakteria ndani ya matamvua ya chaza wa pwani kama si safari ya mbali zaidi. Mwaka 1977 nyambizi Alvin ilishuka karibu na visiwa vya Galápagos, mita 2,500 chini, ikakuta maji moto yakitoka kwenye nyufa za sakafu ya bahari, na kuzunguka nyufa hizo minyoo mirefu yenye manyoya mekundu. Mnyoo huyo, Riftia, hana kinywa wala utumbo. Mwaka 1981 Colleen Cavanaugh, akiwa bado mwanafunzi, alieleza kwamba amejaa bakteria wanaounguza salfa, na hao ndio wanaomlisha. Baada ya hapo watu wakaanza kutazama matope ya karibu kwa macho mengine. Kumbe ufundi ule ule ulikuwa ukifanyika kwenye maji ya kufika magotini.

Alhamisi. Matumbawe. Kina mita 9, chumvi 35, joto 29.4.

Wapiga mbizi waliingia mara mbili, asubuhi na alasiri. Kazi yangu ilikuwa kupokea mabomba ya sindano yaliyojaa ute.

Tumbawe lililo hai limefunikwa ute, na ute huo una wakazi wengi kuliko maji yanayolizunguka. Kila aina ya tumbawe ina wakazi wake. Baadhi yao hutoa dawa zinazowazuia wageni wasishike. Ute hubanduka, ukaondoka na takataka na vijidudu, mwingine ukatolewa. Kwa hiyo ninapopewa ute, nimepewa ukuta pamoja na walinzi wake.

Joto la leo linanitia wasiwasi. Mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulilisha hufukuzwa maji yanapokaa na joto lisilo la kawaida kwa majuma, nalo tumbawe likabaki jeupe. Hilo linajulikana na wengi. Lisilosemwa sana ni kwamba joto hilo hilo linaamsha upande wa pili. Kwenye matumbawe yaliyopauka karibu na Zanzibar alipatikana bakteria aliyeitwa Vibrio coralliilyticus, na mwaka 2003 akaelezwa rasmi kuwa aina mpya. Maabara ikaonyesha jambo la kutisha: chini ya nyuzi 22 aliwekwa pamoja na tumbawe bila kulidhuru, lakini kuanzia nyuzi 27 alilila nyama hadi ikabaki mifupa. Joto likipanda hutoa kwa wingi zaidi kimeng'enya kinachovunja protini.

Tazama basi. Ukimkuta bakteria huyu kwenye sampuli ya msimu wa baridi na ukamkuta tena kwenye sampuli ya msimu wa joto, orodha yako itasema "yupo, yupo". Ni kweli na haisemi kitu. Ndiyo maana kila bomba la ute nililoweka leo kwenye barafu kavu limeandikwa joto la maji hadi nukta moja, na ndiyo maana niliwarudisha wapiga mbizi mara ya pili walipokuja na ute usio na kipimo. Hawakulalamika. Dada aliyeongoza kundi alisema tu, "Haya, tunarudi," akavuta barakoa.

Matumbawe tuliyoyaona leo hayajapauka, isipokuwa vichwa vichache upande wa kina kifupi, ambako ncha zimeanza kufifia.

Ijumaa. Njiani. Kina kimetoka mita 60 hadi 1,100.

Mawimbi. Maabara imefungwa kamba kila kitu, hata viti. Sakafu ya bahari imeporomoka chini yetu na hakuna sampuli iliyochukuliwa.

Jumamosi. Bahari ya buluu. Kina mita 3,800, chumvi 35.2, joto juu nyuzi 28, kwenye mita 200 nyuzi 14.

Buluu hii ni rangi ya ukame. Nitrojeni na fosforasi zimekwisha juu, mwani mkubwa haupati kitu, mwanga unashuka bila kuzuiwa. Sahani nyeupe tuliyoiteremsha kwa kamba tuliendelea kuiona hadi zaidi ya mita 30. Anayetazama kutoka sitahani husema hapa hamna kitu.

Asubuhi tuliteremsha fremu yenye chupa kubwa pande zote. Inashuka ikiwa wazi, vipimo vinapanda kwa waya hadi kwenye skrini yetu, na inaporudi tunazifunga chupa moja moja kwenye kina tunachotaka. Winchi ililia kwa saa nzima. Kisha kila mtu akakimbilia bomba lake: wa gesi kwanza kwa sababu gesi hutoroka, wa bakteria baadaye.

Mililita moja ya maji haya, yaani matone ishirini hivi, ina bakteria kati ya laki kadhaa na milioni moja. Virusi ni mara kumi ya hao, na karibu wote hushambulia bakteria tu. Inakadiriwa kwamba kila siku virusi huua kama sehemu moja kwa tano ya bakteria wa baharini. Seli zinapasuka, mabaki yanamwagika, wengine wanayala. Bahari nzima inajila na kujilisha hivi kabla samaki hajaonja.

Wawili ndio wenyeji wakubwa hapa. Wa kwanza ni Prochlorococcus, duara lenye upana wa sehemu sita kwa kumi za maikromita. Ni mdogo hivi kwamba hakuna aliyemjua hadi miaka ya 1980, pale Sallie Chisholm na Robert Olson walipopitisha maji ya bahari kwenye mashine ya leza inayohesabu seli na kuona mng'ao mwekundu hafifu uliodhaniwa kuwa kelele za mashine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988. Hakuna kiumbe mwingine afanyaye usanisinuru aliye na idadi kubwa kama yake duniani. Naye ana anwani mbili. Wanaoishi juu wamezoea jua kali. Wanaoishi mita mia moja na zaidi wana mitambo ya kunasa mwanga hafifu wa buluu, na jua la juu huwaumiza. Ukiwaweka kwenye hadubini huwatofautishi.

Wa pili ni Pelagibacter. Alijulikana kwanza mwaka 1990 kwa jeni tu, kutoka maji ya Bahari ya Sargasso, katika Atlantiki, kazi ya Stephen Giovannoni na wenzake. Hakuna aliyemwona, na hakuna aliyeweza kumkuza, ingawa karibu robo ya seli zote za planktoni baharini ni za ukoo wake. Kwa miongo watu walikuwa wakimwaga maji ya bahari kwenye agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, iliyojaa lishe, wakahesabu madoa yanayoota, na madoa hayo hayakufika hata asilimia moja ya seli zilizoonekana kwenye hadubini. Mwaka 2002 ndipo alipokubali kukua, baada ya watafiti kumwacha kwenye maji yake mwenyewe ya bahari, yaliyochujwa, seli chache chache kwa kila kisima. Tulikuwa tukimpa karamu mtu aliyezoea makombo, na karamu ilimshinda.

Mimi mwenyewe nililelewa kitaaluma kwenye sahani za agari, na ninazipenda. Lakini habari ya Pelagibacter inanifanya nisiziamini kamwe peke yake. Zinatuonyesha anayevumilia kuhamishwa.

Jumapili, usiku. Pale pale.

Taa za sitahani zilivuta ngisi. Mmoja aliyekamatwa na wavu alikufa, na nilimpangusa ngozi kwa pamba, nikaipitisha kwenye sahani ya agari iliyotengenezwa kwa maji ya bahari. Hiyo ilikuwa jana. Leo usiku tulizima kila kitu maabarani, tukangoja macho yazoee giza. Kati ya madoa mengi, matatu yalikuwa yakitoa mwanga wa buluu-kijani, tulivu, bila kupepesa.

Kutopepesa huko ni alama. Cheche zinazoruka omo inapokata maji ni za viumbe wengine wenye seli moja, wanaowaka wakiguswa, kisha wanazima. Bakteria akiwaka, anawaka mfululizo. Nilichukua seli za doa moja nikazitia kwenye chupa ya lishe safi. Giza. Zinazaana, lakini hakuna mwanga. Saa nyingi baadaye, maji ya chupa yalipokuwa yameshakuwa ukungu, yaliwaka yote pamoja. Kila seli hutoa kemikali kidogo kidogo ikiwa peke yake. Wakijazana, kemikali ikifika kiwango fulani, jeni za mwanga hufunguka kwa wote. Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings waliandika habari hii mwaka 1970, wakichunguza Vibrio fischeri, na leo tunajua bakteria wengi sana husemezana kwa njia ya aina hiyo, wakiwemo waleta maradhi.

Huyo fischeri majini ni mtu wa kawaida, wachache, gizani, kwa sababu wametawanyika. Anapoingia kwenye kiungo maalumu ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii, Euprymna scolopes, anajazana na kuwaka. Ngisi huelekeza mwanga huo chini usiku, ulingane na mwanga wa mwezi, ili anayewinda kutoka chini asione kivuli. Alfajiri humwaga karibu asilimia 95 ya bakteria baharini, na waliobaki huzaana tena hadi jioni. Mtoto wa ngisi huzaliwa hana hata mmoja. Huwachagua majini, kati ya mamilioni ya wengine, ndani ya saa chache. Kila nikilisoma hili naona bado hatujaanza kuwaelewa.

Nahodha aliniuliza kama inaweza kutokea bahari nzima iwake hivyo. Imetokea. Januari 1995 mabaharia wa meli ya biashara Lima, nje ya pwani ya Somalia, waliandika kwamba walipita juu ya maji meupe yaliyong'aa usiku. Miaka kumi baadaye Steven Miller na wenzake walirudi kwenye picha za setilaiti za usiku ule, wakaiona: doa la takribani kilomita za mraba 15,400, lililodumu usiku tatu. Mabaharia walikuwa wakisimulia bahari ya maziwa kwa karne nyingi na wakisikilizwa kwa shaka. Nahodha alitikisa kichwa. "Sisi tumezoea kutoaminiwa," alisema, na akapanda kwenye usukani.

Jumatatu. Kina cha sampuli mita 180 hadi 700. Oksijeni: karibu sifuri.

Kwenye skrini mstari wa oksijeni ulianguka ghafla, ukalala chini kwa mamia ya mita, kisha ukainuka tena. Hapa katikati pana tabaka ambalo mabaki yanayozama kutoka juu yameozeshwa hadi oksijeni ikaisha, na maji ya kuleta nyingine hayapiti kwa wingi. Jodari hawashuki humo, hubanwa juu. Bakteria ndio wanaotawala.

Wengine hupumua nitreti. Wengine hufanya jambo ambalo kwa muda mrefu lilikuwa hesabu ya karatasini tu: huunganisha amonia na nitriti, wakatoa gesi ya nitrojeni. Waligunduliwa miaka ya 1990 kwenye mtambo wa maji taka huko Delft, Uholanzi, kisha mwaka 2003 wakathibitishwa baharini, katika Bahari Nyeusi na kwenye ghuba ya Golfo Dulce, Kosta Rika. Maana yake ni kubwa. Nitrojeni ni mbolea ya bahari, na hapa inarudishwa hewani.

Bahari imepoteza takribani asilimia 2 ya oksijeni yake tangu miaka ya 1960. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini. Tabaka hili linapopanuka si kwamba uhai unaondoka, wakazi ndio wanaobadilika. Hilo ndilo nililojaribu kumweleza kijana wa injini aliyesema basi hapo ni jangwa. Chujio la maji ya mita 300 lilitoka na rangi ya waridi.

Jumatano. Sakafu. Kina mita 2,500, joto nyuzi 2, mgandamizo zaidi ya mara 250 ya ule wa juu ya maji.

Tumerudi kwenye mteremko. Sanduku la kuchota tope lilipanda saa za alfajiri, maji ya juu yake yakiwa bado safi, dalili kwamba halikuvurugwa. Tope ni la kahawia, laini, baridi inayouma vidole. Hakuna harufu. Oksijeni humu inashuka mbali, kwa sababu chakula kinachofika ni kidogo na wenye kukila ni wachache na wa polepole. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Yuki Morono wa Japani walieleza kwamba waliwapa lishe vijidudu kutoka tope la chini ya Pasifiki ya Kusini, lililotua miaka hadi milioni 101.5 iliyopita, na vikaanza kula na kugawanyika. Huenda walikuwa hai muda wote huo, wakiishi kwa kujitengeneza tu bila kuzaana. Nikiliwaza, neno "umri" linanipotea maana.

Lakini nilichokuwa nikikisubiri ni mtego. Ulilala chini usiku kucha na chambo ndani, ukapanda na amfipodi wachache, jamaa wengine wa kamba, weupe, wakubwa kuliko nilivyotarajia. Waliwekwa kwenye maji ya nyuzi 2 mara moja. Nilitoa utumbo wa mmoja kwa kibano, meza ikiwa imezungushiwa barafu.

Sababu ya utumbo ni hii. Kwenye amfipodi kutoka Bahari ya Sulu, karibu na Ufilipino, kina cha mita 2,500 na ushee, alipatikana Photobacterium profundum, wa ukoo mmoja na Vibrio. Kabila lake lililo maarufu, SS9, hukua vizuri zaidi kwenye nyuzi 15 na mgandamizo wa mara 280 hivi ya ule tunaouishi sisi. Kabila jingine la aina hiyo hiyo, 3TCK, lilitoka kwenye maji ya kina kifupi ya ghuba ya San Diego, na huyo mgandamizo humdhoofisha. Jina moja, aina moja, anwani mbili.

Niligawa sampuli ya utumbo sehemu mbili. Moja imeingia kwenye silinda ya chuma, ikapampwa hadi mgandamizo wa pale tulipomtoa mwenyewe. Nyingine iko kwenye chupa ya kawaida, friji ile ile, joto lile lile, rafu ya juu yake. Sampuli za ute zimepangwa kwa joto, za mtoni kwa chumvi, za juzi kwa oksijeni. Silinda itafunguliwa baada ya majuma kadhaa, nchi kavu, na kila itakapofunguliwa kwa ajili ya kupima itabidi ipampwe upya ndani ya dakika chache. Nimeandika saa ya kufunga, kina na joto kwenye vifuniko vyote viwili, nikatia sahihi.